Jenerali Kamasi na Sufuria ya Mtaa

Kuna watu mtaa huwapa majina ya maana. Simba. Chifu. Daktari. Sylvance Ondiek wa Kaloleni alipewa Jenerali Kamasi. Na kabla uulize, ndio, ni kamasi hiyo hiyo ya puani.

Jina lilianza hivi. Uncle Sylvance ni mzee wa hamsini na kitu, kibarua kwa kampuni moja inapaki viungo huko Industrial Area. Siku nzima yeye ni bizari, tangawizi na pilipili manga. Hapana, hiyo haihusiani na ile manga nyingine, tulia nakuja. Jioni akirudi, vumbi yote ya viungo inarudi naye kwa pua. Chafya zake haziji moja moja. Zinakuja saba, na ya saba ndio ya kuogopwa. Mbwa wa mtaa wameizoea. Wageni huinama.

Sasa, huku kwetu kuna msichana anaitwa Khawla. Ana miaka kumi na tisa, mpole mbele ya wazazi, lakini mpe kalamu nyeusi uone ushetani. Khawla anachora manga, zile katuni za staili ya Kijapani, macho kama sahani na nywele kama miiba. Yake inaitwa Mji wa Mabati, na nusu ya vijana wa Kaloleni tunaifuata kwa simu. Anaweka picha moja moja, unavuta na kidole, ingine inakuja. Shujaa ni dem ana upanga wa stima. Sasa sura ya tatu ikatokea adui mmoja mdogo, wa kupigwa tu na kusahaulika. Jenerali mnene, ovaroli ya bluu, anapiga chafya mara saba na ya saba inang'oa mabati ya mtaa mzima.

Ovaroli ya bluu. Chafya saba. Khawla aliapa ati hakuwa anafikiria mtu yeyote. Sawa, dada, tumekuamini.

"Manze, huyu si Uncle Sylvance?" Owen akaandika kwa grupu ya mtaa.

"Hata kitambi kimetoshea!"

"Jenerali Kamasi, saluti!"

Kufika Ijumaa, watoto walikuwa wanampigia saluti kila kona. Siku mbili za kwanza aliirudisha vizuri kabisa, mkono kwa paji la uso, akidhani ni heshima. Hiyo ndio ilimmaliza. Jina likishakupata ukiwa unatabasamu, halitoki tena.

Mimi naitwa Celine, nasuka nywele kwa baraza ya holi la Kaloleni, kwa hivyo kila kitu hupita mbele yangu. Uncle alipojua maana ya saluti, alikuja akasimama nyuma ya mteja wangu.

"Celine nyathina, mwanangu, hebu nione huyo mtu."

Nikampa simu. Aliangalia hadi skrini ikazima, akaniomba niiwashe tena.

"Mimi sina kitambi hivi."

"Uko nacho, Uncle."

"Sawa. Na anaishia aje?"

"Nani?"

"Huyu Jenerali. Mwisho wake ni gani?"

Nikamwambia ukweli venye mimi najua. Kwa manga, maadui wadogo hawana mwisho. Wanapigwa kofi moja, wanaruka juu mpaka wanakuwa kanyota, ting, imeisha, na hakuna mtu huuliza walienda wapi. Lakini kuanzia hapo kila wiki alikuwa anapita kwa baraza kuniuliza saa, na mkononi amevaa saa.

"Saa kumi, Uncle."

"Asante. Na yule mtu?"

"Hajaonekana tena."

"Mh."

Ndio ujue Sylvance ni nani, lazima nikuambie kuhusu ufunguo. Nyuma ya holi kuna stoo. Ndani kuna hema, viti, na sufuria sita kubwa za mtaa, zile hupika kwa matanga, harusi, hitma, kila kitu. Ile kubwa kabisa inaitwa Mama Yao. Inalisha watu mia mbili na mtoto anaweza kuoga ndani, na najua kwa sababu mimi nilioga. Ufunguo wa stoo uko kwa shingo ya Sylvance miaka kumi na tisa sasa, kwa kamba ya kiatu. Aliachiwa na babake, mzee wa reli. Kule kazini hawamjui hata jina, ni "wewe wa bizari, kuja." Mke alifariki, binti yake Elsie aliolewa Kisumu. Lakini mtu akifa Kaloleni, kabla hata pasta ama imamu aitwe, utasikia, "Sylvance ako wapi?" Hiyo ndio cheo yake. Ukimtoa ufunguo, umemwacha na chafya tu.

Sufuria ziko na sheria, ya zamani kuliko sisi wote. Ukiazima na uiharibu, jina lako litasomwa kwa kila mkutano, na kila matanga kabla ya chakula, mpaka sufuria irudi nzima. Wathome alichoma mkono wa kifuniko miaka mitatu iliyopita. Alisomwa miezi minane. Mpaka leo anaitwa Wathome Kifuniko, hata na mamake.

Basi. Jumapili moja Mzee Makokha, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, aliingia stoo kuhesabu vitu. Makokha ni mtu hata salamu yako anaikagua. Alihesabu sufuria tano. Akahesabu tena. Tano.

"Ondiek, Mama Yao iko wapi?"

"Iko," Sylvance akajibu.

"Iko wapi?"

"Iko mahali iko."

Sasa wewe sema. Hilo ni jibu la mtu msafi? Makokha alitoka hapo amefinya macho, na kufika jioni mtaa mzima ulikuwa umefinya macho. Wa mwisho kuazima Mama Yao ilikuwa nyumba ya kina Khawla, hitma ya babake, marehemu Zahoro, wiki tatu nyuma. Na Sylvance mwenyewe ndiye alisema imerudi. Kwa hivyo hesabu ilikuwa rahisi. Aluminiamu ni aluminiamu, watu wa skrepu wako hapo ng'ambo ya reli, na kibarua ni kibarua. Watu walianza kukumbuka vitu. Ati hema lilikuwa refu zaidi zamani. Ati vijiko. Anyango wa mboga akakumbuka mwiko wake uliopotea mwaka wa kura, na alikuwa amekumbuka pia kwamba siku hiyo kuna mtu alipiga chafya.

Mimi pia nilishuku. Sitajitoa. Nilishuku hadi nikaacha mteja na nywele nusu.

Ilikuwa Jumanne, saa sita mchana. Sylvance akapita mbele ya baraza na gunia kubwa mgongoni, limeinuka kama kobe. Kazini hakuwa ameenda. Na hakuniuliza saa.

"Owen," nikanong'ona, "kobe anatoroka."

Tukamfuata. Tulijificha nyuma ya malori, nyuma ya vibanda, Owen alijificha nyuma ya mlingoti wa stima na yeye ni mnene kuushinda. Tukapita Industrial Area yote, jasho mpaka kwa soksi, mpaka kule karibu na Mukuru kwa Reuben. Hapo Sylvance akasimama kwa geti moja. Akatua gunia, akalifungua kidogo, na jua likapiga hiyo kitu ikang'aa. Mama Yao. Na juu ya geti imeandikwa na rangi nyekundu: TUNANUNUA ALUMINIAMU.

"Piga picha," Owen akasema. "Piga, piga, piga!"

Nikapiga. Hatukungoja kuona kama aliingia. Nikaituma kwa grupu tukiwa bado njiani, na chini nikaandika: "Jenerali amepatikana." Pakawaka moto. Watu mia moja hamsini wakacheka na kulaani kwa dakika kumi. Makokha akaandika moja tu, kwa herufi kubwa: MKUTANO JUMAMOSI SAA TISA. UFUNGUO.

Mtu mmoja hakuandika kitu. Khawla. Nikamshuku pia, maana Khawla hujibu hata picha za paka.

Alafu Ijumaa asubuhi, nafika kwa baraza, napata karatasi ndefu za manila zimeunganishwa na gundi, zimebandikwa ukuta wa holi kutoka dirisha mpaka mlango. Picha sita kwa mstari mmoja, bila neno hata moja. Kona ya chini, sahihi ya Khawla. Na katikati ya hizo picha, kitambi, ovaroli ya bluu. Jenerali Kamasi alikuwa amerudi.

Watu wakajaa. Wazee ambao hawajawahi kufungua manga maisha yao walisimama hapo kusoma kama gazeti. Na hadithi ilikuwa wazi, aki. Picha ya kwanza, watu wanakula kwa furaha, Mama Yao iko katikati, Jenerali amesimama kando peke yake. Ya pili, Jenerali ako stoo, mikono juu ya sufuria. Ya tatu, anatembea nayo mgongoni. Ya nne, moto, cheche, mtu na miwani ya fundi. Ya tano, anatembea tena. Ya sita, sufuria iko na tundu kubwa katikati, na Jenerali ameinama juu yake.

"Ameiba, ameikatakata," Makokha akasema, taratibu, kama anasoma hukumu. "Mtoto ameona yote. Hata watoto wanajua."

Jumamosi saa tisa holi lilijaa kuliko harusi. Karatasi ya Khawla ilitolewa nje ikabandikwa ndani, nyuma ya meza ya Makokha, kama ushahidi. Sylvance alikuja na ovaroli, mikono mitupu. Nami nilikuwa nimeomba kimoyomoyo aje nayo.

"Ondiek," Makokha akaanza, "sufuria?"

"Jumatatu," Sylvance akasema. "Stima imepotea huko siku tatu. Nipeni mpaka Jumatatu."

"Stima inahusu nini na sufuria? Ama Mama Yao siku hizi inapika na swichi?"

Watu wakacheka. Wathome Kifuniko alicheka zaidi ya wote, mwacheni, alikuwa amengoja miaka mitatu apate mwenzake.

"Ulikuwa umeipeleka wapi?"

"Mahali."

"Nani aliiharibu?"

Sylvance akashika ufunguo shingoni.

"Aliyeazima aliirudisha ikiwa nzima ama mbovu? Jibu hilo tu."

"Andika mimi," Sylvance akasema. "Kama lazima jina liandikwe, andika langu."

"Jina halitoshi!" mtu akaropoka nyuma. "Mwizi hasomwi, mwizi anatoa ufunguo!"

Hapo ndipo Sylvance aliinua macho akaona ukuta. Hakuwa ameiona hiyo karatasi, Ijumaa alikuwa kazini mpaka usiku. Akaenda karibu. Akaweka kidole kwa picha ya kwanza, mkono wa kushoto, akakisogeza polepole mpaka ya mwisho. Alafu akanitafuta mimi kwa hao watu wote.

"Celine. Ndio mwisho wake?"

Nikakuna kichwa na kitana changu.

"Hata huyo mtoto," akasema, kama anajiambia. Akavuta ile kamba ya kiatu, ikapita juu ya kichwa, ikakwama kwa sikio, akaitoa. Akaweka ufunguo mezani. Na hakupiga chafya. Miaka yangu yote sijawahi kumwona amesimama dakika tano kwa vumbi ya hilo holi bila kupiga chafya.

Kwa aibu nikashindwa kumwangalia. Nikaangalia picha badala yake. Ile ya kwanza, ya watu wanakula. Na chini ya Mama Yao nikaona kitu nilikuwa nadhani ni kivuli. Kilikuwa na kingo, na vimistari vya kuchomelea pembeni. Kilikuwa kiraka.

Nikaangalia picha ya sita. Tundu. Mahali pale pale.

"Ngojeni," nikasema. Hakuna aliyesikia. Nikapanda kwa kiti. "Ngojeni! Sufuria inawezaje kuwa na kiraka kabla itoboke?"

"Celine, shuka," Makokha akasema.

"Mzee, angalia! Huku mwanzo iko na kiraka. Kule mwisho iko na tundu. Nani hushona nguo alafu ndio airarue?"

Alafu sauti kutoka mlangoni, ndogo, inapumua kama imekimbia.

"Kwani mnaisoma kutoka wapi?"

Ni Khawla. Alikuwa amekuja mbio, na simu mkononi.

"Kutoka hapa," Makokha akaonyesha kushoto. "Kutoka wapi tena?"

Khawla alishika kichwa. "Manga inaanzia kulia! Inaenda hivi!" Akapunga mkono kutoka kulia kwenda kushoto. "Kulia kwenda kushoto. Kama msahafu. Mimi nimezoea tangu chuo cha Kurani, sikufikiria hata!"

Na ndio nikaelewa ujinga wetu wote. Kwa simu alikuwa anatupangia picha moja moja, sisi tunavuta tu kidole, hatujawahi kujua manga inaanzia upande gani. Mara ya kwanza amechora kwa karatasi moja, ati wazee wasio na simu pia waone, mtaa mzima ukasoma hadithi ya mtu kinyumenyume.

"Soma basi," Makokha akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua.

Khawla akaenda kulia, akaweka kidole kwa tundu. "Hapa imeshatoboka. Jenerali anaiinua. Hapa anaipeleka. Hapa fundi anaichomelea. Hapa anairudisha. Hapa anaiweka stoo. Hapa watu wanakula, na hakuna anayejua." Akatugeukia. "Nilikuwa nimekatazwa kusema kwa mdomo. Sikukatazwa kuchora."

"Na nani alitoboa?"

"Khawla, nyamaza," Sylvance akasema haraka.

Lakini Khawla alikuwa tayari ameinua simu. Sauti ya mamake, Bi Lela, ikatoka hapo, ya upole lakini imesimama wima.

"Asalaam aleikum, Mzee Makokha. Mimi nipo edani, siwezi kutoka nikaja hapo, lakini masikio yangu hayamo edani. Sufuria nimeitoboa mimi. Niliiweka motoni na maji kidogo ili ukoko ulainike, watu wakaja kunipa pole ya Zahoro, nikaisahau mpaka ikayeyuka. Sylvance alipoona akaniambia, mama, jina lako likisomwa nawe umefungiwa ndani, nani atasimama akujibie? Niachie mimi. Fundi wa aluminiamu amemtafuta wiki nzima, mpaka akampata ndani ya geti la skrepu. Basi someni jina. Ni Lela wa Zahoro."

Makokha aliangalia daftari lake la majina, akaangalia kalamu. Sheria ni sheria, na huyu mzee anaipenda kuliko chai.

Anyango wa mboga ndiye alisimama. "Huo pilau wa hitma nani hakula?" akauliza. "Mimi nilikula sahani tatu. Andika Anyango."

"Andika Owen. Mimi nilibeba na ya kupeleka nyumbani."

"Andika Celine," nikasema, "na uongeze ile picha niliyotuma."

Hata Wathome aliinua mkono, japo pole pole, kama mtu anaaga starehe. Makokha akaandika mpaka ukurasa ukaisha, akafunga daftari, akachukua ile kamba ya kiatu akamnyooshea Sylvance. Pole hakusema. Alisema, "Jumatatu nitakuja kuiona hiyo kiraka." Kwa Makokha hiyo ni kama kukukumbatia.

Sylvance akavaa ufunguo wake. Akavuta pumzi. Tukaona pua inapanuka, na watu wote, bila kuambiwa, wakashika viti. Saba. Ya saba iling'oa pini mbili za ukuta na picha ya kwanza, yaani ya mwisho, ikaning'inia.

Mama Yao ilirudi Jumatatu na kiraka, na Makokha aliigonga na kidole mara tatu akisikiliza. Bado anahesabu sufuria kila Jumapili, msidhani amebadilika. Mimi nilifuta ile picha ya geti, nikaandika samahani kwa grupu, na mtu akanijibu, "Kwa hivyo hakuuza hata vifuniko?" Mtaa ukishafinya macho, huchukua muda kuyafungua.

Jioni hiyo Uncle alikuja kwa baraza. Hakuuliza saa. Aliangalia karatasi, sasa nje tena, akaanza na kidole mkono wa kulia, polepole, mpaka akafika kwa wale watu wanakula na yule mnene amesimama kando.

"Kwa hivyo hakugeuka nyota," akasema.

"Hapana, Uncle. Alibaki."

"Mh." Akaangalia zaidi. "Lakini mwambie huyo mtoto kitambi bado ni kikubwa."

Watoto bado wanampigia saluti. Anairudisha, na sasa anajua maana.

Haya, zamu yenu. Niambieni jina la aibu mlilopewa mtaani kwenu na nani alilibandika, na kama kuna mtu mliwahi kumsoma kinyumenyume hivi, mkamtumia grupu nzima, njooni mseme. Mimi nimeshajiandika wa kwanza.